Kitambaa Kilichokataa Pasi

Kazi yangu ni mafundo. Nimeitamka sentensi hiyo harusini, matangani, kwenye foleni ya hospitali na mara moja mbele ya polisi wa barabarani, na mpaka leo sijapata mtu wa kuipokea vizuri. Wengi hunyamaza wakisubiri niimalizie, wakidhani kuna neno nimelisahau.

Nieleze basi. Chukua kamba, ifunge fundo lolote, halafu uunganishe ncha zake mbili ziwe kitu kimoja, kamba isiwe na mwanzo wala mwisho. Sasa jaribu kulifungua bila kukata. Mafundo mengine ni ya uongo, ukiyazungusha kidogo yanaachia. Mengine hayatafunguka hata dunia iishe. Sisi kazi yetu ni kujua lipi ni la uongo na lipi ni la kweli, na kuthibitisha. Hatufungui. Hapo ndipo watu wa Landless, mtaa wa Thika nilikolelewa, walipokosana na mimi. Mama mmoja wa jirani aliniletea kamba yake ya kuanika nguo, imejisokota kama matumbo ya mbuzi. Niliikagua kwa heshima, nikamwambia kwamba kwa kuwa ina ncha mbili zisizounganishwa, basi kihisabati kamba hiyo haina fundo lolote. Aliichukua kamba yake akaipeleka kwa fundi wa baiskeli.

Kanisani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama yangu alimwambia mchungaji kwamba nimehitimu udaktari wa mafundo, na mchungaji akatangaza mimbarini kwa sauti kubwa sana. Baada ya ibada mzee mmoja akanivuta kando, nyuma ya jiko la kanisa.

"Daktari, nasikia unafungua vifungo."

"Ni mafundo, mzee."

"Ni sawa tu. Niko na ndugu yangu ako kifungoni. Kesi ilikuwa ya ng'ombe."

Nilimwambia eneo langu ni tofauti. Alikubali, lakini aliniomba nijaribu hata hivyo.

Mimi mwenyewe niliingia humu kwa sababu ya suruali. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, sina hakika kama nitakuwa mwalimu wa sekondari au karani wa benki, siku mwalimu wetu mmoja mwembamba alipoingia darasani bila kamba aliyokuwa aitumie kwa mfano. Alikuwa ameisahau ofisini. Badala ya kuirudia alivua mshipi wake, akausokota, akaupitisha ndani yake mwenyewe na kuunganisha ncha zake kwa kile chuma chake. Akatuinulia juu. "Hili," akasema, "haliwezi kufunguka." Akaanza kuthibitisha ubaoni, na suruali nayo ikaanza safari ya kwenda chini. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa wa kulia. Ilipofika wakati wa kufuta ubao alisita, akatazama dasta, akatazama suruali, akaandika juu ya maandishi ya zamani. Hakuna aliyecheka, kwa sababu uthibitisho ulikuwa mtamu mno. Nilitoka mle nikijua kwamba kitu kinachoweza kumfanya mtu mzima asahau suruali yake ndicho nitakachokifanya maishani.

Miaka ilipita, nikasoma nilikosoma, nikarudi kufundisha katika chuo kikuu kimoja huku kwetu. Nilipanga nyumba Mwihoko, upande wa Ruiru, chumba kimoja na jiko dogo, ghorofa ya tatu. Nikawa mhadhiri wa kawaida, na kwa kuwa kila mhadhiri wa kawaida anataka kupanda cheo, nikaomba, nikakosa, mwaka uliofuata nikaomba tena. Niliambiwa kwamba nitazungumza mbele ya kamati, na kwamba kamati haitakuwa ya watu wa hisabati peke yao. Kutakuwa na mtu wa kilimo, mtu wa uhasibu, mtu wa uinjinia, na mkuu wa kitivo mwenyewe.

Mwenyekiti wa idara yetu ni mama mmoja asiyepoteza maneno. Aliniita ofisini kwake.

"Mwaka jana uliwachorea," alisema.

"Ndiyo, Profesa."

"Mkuu wa kitivo alilala."

"Nilimwona, Profesa."

"Mtu wa uhasibu pia alilala. Alikuwa amesimama. Safari hii leta kitu cha kushika."

Nilirudi nyumbani nikifikiria. Sehemu ya utafiti wangu inahusu nafasi inayolizunguka fundo. Ukishalifunga fundo lako, isahau kamba yenyewe, ubaki na hewa iliyo pembeni yake, hiyo hewa ina umbo. Na kwa mafundo mengi, umbo hilo ni la jiometri ya ajabu ambayo ndani yake kuna nafasi kupita kiasi. Ukitembea kutoka katikati, eneo linazidi kupanuka mbele yako haraka kuliko unavyotarajia. Sisi tunaiita haipaboliki. Kuichora ubaoni ni kazi bure, kwa kuwa ubao ni bapa na hiyo jiometri inauchukia ubapa. Lakini kuna njia moja nzuri ya kuitengeneza ikashikika kwa mikono, nayo ni kuifuma kwa uzi, kwa sindano ile yenye kichwa cha ndoano, kama akina mama wanavyofuma vitambaa vya makochi.

Basi nikaenda Thika mjini kununua uzi.

"Ni wa mama?" muuzaji akaniuliza.

"Ni wangu."

Aliniuzia, lakini aliufunga kwenye gazeti, kama kitu ambacho mtu hapaswi kuonekana nacho.

Kufuma nilijifunza kwenye simu, kwa video. Nilikuwa nakaa koridoni nje ya mlango wangu, ambako mwanga ni mzuri, na sheria yangu ilikuwa rahisi: kila vitanzi vitatu, naongeza kimoja cha nne. Anayefuma kitambaa cha kawaida huongeza kwa kiasi, ili kilale sawa mezani. Mimi niliongeza bila huruma. Kila mzunguko ulikuwa mrefu kuliko ule uliotangulia, na kitambaa, kwa kukosa pa kwenda, kikaanza kujikunja, kujipinda na kupanda juu kwa mawimbi. Kilianza kama sahani, kikawa ua, mwishowe kikawa kabichi iliyokasirika.

Kijana wa nyumba ya pembeni, makanika, alipita kila jioni akitoka kazini.

"Niaje, prof. Hiyo ni kofia?"

"Hapana. Ni uso."

"Uso wa nani?"

Nilimweleza kwamba katika hisabati uso ni sehemu ya nje ya kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huyo mtu mwenye huo uso alipata ajali. Kuanzia hapo ploti nzima, wapangaji wote wa jengo letu, ikawa inaniuliza uso unaendeleaje, nami nikawa nawajibu kwamba unaendelea vizuri, unapata nafuu.

Jumamosi moja Mama akaja bila kupiga simu, kama desturi yake, na mfuko wa viazi vitamu na mboga ya mrenda. Mimi nilikuwa naoga. Nilipotoka nikamkuta amesimama katikati ya chumba, kitambaa changu mikononi, uso wake ukiwa na furaha ambayo sikuiona hata siku niliyopata udaktari.

"Yuko wapi?" akaninong'oneza.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto." Alichungulia nyuma ya pazia. Alichungulia jikoni, ambako hata paka hawezi kujificha. Kisha akapaza sauti ili yeyote aliyejificha asikie vizuri. "Karibu tu, binti yangu! Mimi si mkali! Sina shida na kabila lolote!"

"Mama, hakuna mtu."

"Ametoka? Haya." Akakaa kitandani, akakigeuza kitambaa huku na huku. Mama amefuma vitambaa maisha yake yote. Nyumba yetu ya Landless haina kitu ambacho hakijavikwa: redio ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa, kitambaa cha runinga kina kitambaa cha kukilinda vumbi. "Mkono wake ni mzuri," akasema. "Ameubana uzi sawasawa, huyu si mvivu. Lakini umwambie polepole, usimuumize moyo. Mwambie hajui kuhesabu."

"Hajui kuhesabu?"

"Ona hapa. Anaongeza na hapa pia anaongeza. Anaongezea nini? Msichana mzuri lakini hesabu, hapana. Wewe utamsaidia, wewe si ni mtu wa hesabu?"

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe ulimwambia aongeze?"

"Ni mimi ninayefuma. Hakuna msichana."

Alikiweka kitambaa magotini. Akakitazama, akanitazama mimi niliyekuwa bado na taulo begani, akakitazama tena.

"Tangu lini?" aliuliza, kwa ile sauti ya kuulizia ugonjwa.

"Tangu mwenyekiti wa idara aniambie nilete kitu cha kushika. Ni ya kazi, Mama. Ni hisabati."

"Hii?" Alikiinua juu. Kilining'inia na kutikisika kama kitu kilichotolewa baharini. "Hii ndiyo tuliuza ng'ombe ukaenda kusomea?"

Alimpigia Baba hapo hapo. Baba ni mtu wa maneno machache. Alifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka akastaafu, na kwa miaka mingi kelele za mashine zilimfundisha kwamba kuongea ni kupoteza pumzi. "Baba," Mama alisema kwenye simu, "mtoto wako anafuma vitambaa. Hapana, si mgonjwa. Nimemgusa paji la uso. Anasema ni hisabati." Akasikiliza. Akanigeukia. "Baba anauliza kama anaweza kumfumia na ya redio, ile ya zamani imechakaa."

"Anauliza kama ninaweza," nikamsahihisha.

"Ndiyo hivyo nimesema."

Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni, akaitazama nyumba yangu iliyofagiliwa, vyombo vilivyooshwa, na kile kitambaa. "Sasa mwanamke akija hapa," alisema kwa huzuni, "atakuja kufanya nini? Kazi zote umemaliza."

Siku mbili kabla ya kamati nilienda Landless kula chakula cha mchana na wazazi. Nilikuwa na kitambaa kwenye mfuko kwa kuwa nilibakisha mzunguko wa mwisho, na huo mzunguko wa mwisho, kwa jinsi hiyo jiometri ilivyo, ni mrefu kuliko mtu anavyoweza kuamini. Nilifuma tangu asubuhi nikiwa kwenye kochi, Baba akiwa upande wa pili anasikiliza habari. Mara moja tu alinyoosha mkono, akapima uzi kati ya vidole viwili kama zamani kiwandani, akatikisa kichwa kwa kukubali, akarudi kwenye habari.

Nilipomaliza nikakiweka kochini, nikaenda kunyolewa. Kinyozi wetu yuko njia ya kuelekea Kiandutu, na siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, na mjadala wa mpira mkali. Nilichelewa kurudi.

Kilichotokea nilisimuliwa baadaye na Mama na shosho wa nyumba ya pili, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Mama alikiona kitambaa kochini. Alifikiri juu ya mwanawe, atakayesimama Jumatatu mbele ya maprofesa, wenye suti, na mkononi ana kitambaa kilichokunjamana kama kimetafunwa na ndama. Watasema hana mama. Akakichukua kwa upendo wote wa mzazi, akakiosha, akakitia stachi nzito, ile ya kukazia mavazi ya kwaya, akawasha pasi ya makaa.

Alianza katikati, na katikati kulitii. Akasogea pembeni. Pembeni kulipotii, katikati kukainuka. Akarudi katikati, pembeni kukasimama wima. Alibana upande mmoja kwa kiwiko akapiga pasi upande wa pili, na upande wa tatu, ambao hakujua kama upo, ukanyanyuka ukamgusa kidevuni. Ndipo akamwita shosho.

Shosho ni mama mzee wa Kikuyu, jirani yetu tangu nikiwa shule ya msingi, mwenye mikono iliyochuma kahawa mpaka ikawa migumu kama gome. Alikitazama, akakunja mikono ya sweta.

"Leta hapa. Hii ni nguo tu."

Mama akashika, shosho akapiga pasi. Kisha shosho akashika, Mama akapiga pasi. Wakaweka sufuria la ugali juu. Wakaweka kitabu cha nyimbo, kisha Biblia yetu ya Kiluhya, kisha ya shosho ya Kikuyu, maana labda ya kwanza haikusikika. Shosho akasema, "Ngai! Hii kitu iko na roho." Mama akasema si roho, ni ukaidi, na kwamba anajua ulikotoka.

Nilipofungua mlango nikiwa na nywele zangu mpya, niliwakuta wameketi juu ya kitanda cha wazazi, bega kwa bega, wima, kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Hawakusogea. Chini ya godoro, pembeni, palichungulia ukingo wa uzi.

"Mmekaa juu ya nini?" nikauliza.

"Mwarimu, karibu," shosho akasema. "Ngoja kidogo tu. Inakaribia kushindwa."

"Mama!"

"Usinipigie kelele, niko kwa kazi yako."

Niliwaeleza, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda kama mtu anayeungama, kwamba kitambaa hicho hakiwezi kunyooka. Kwamba hilo si kosa lake, ndiyo sifa yake. Kimeumbwa na nafasi nyingi kuliko ambazo meza inaweza kubeba, na hakuna pasi, wala godoro, wala uzito wa binadamu utakaokilaza.

"Kila nguo inanyooka," Mama alisema.

"Hii haiwezi."

"Nimepiga pasi sare zenu zote. Nimepiga pasi suti ya baba yako iliyonyeshewa mvua siku mbili. Usiniambie kuna nguo haiwezi kunyooka."

"Mama, imethibitishwa. Kuna watu wamethibitisha, kwa karatasi."

"Hao watu walikuwa na pasi?"

Sidhani walikuwa nayo.

Baba alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Alikohoa. Sote tukageuka, kwa kuwa Baba akikohoa kuna neno linakuja.

"Si muikate tu," alisema. "Mkikata hapa na hapa, italala."

Kihisabati alikuwa sahihi kabisa, na ndiyo sababu nilikimbilia makasi yaliyokuwa kwenye cherehani na kuyaweka mfukoni.

Walipoinuka na kulitoa godoro, ilikuwa imechelewa. Stachi ilikuwa imekauka. Kitambaa kilitoka kigumu kama debe, mawimbi yake yameganda yalivyokamatwa, na pande mbili kulikuwa na mabonde mawili makubwa ya duara ambayo sitaeleza yalitokana na nini. Isitoshe, karibu na katikati palikuwa na alama ya kahawia, iliyochongoka mbele na pana nyuma, umbo kamili la pasi.

Shosho alikigonga kwa kidole. Kililia, *ko*.

"Sasa angalau haitashika uchafu," alisema.

Jioni hiyo Mama alinipakulia nyama mara mbili bila kuuliza, na hivyo ndivyo alivyosema pole.

Jumatatu asubuhi niliingia mbele ya kamati na mfuko wa plastiki. Nilisema maneno ya kwanza, yale niliyokuwa nimeyakariri, na nikaona mtu wa uhasibu ameanza kuegemea mkono. Mwenyekiti wangu alinitolea jicho. Nikatoa kitambaa, nikakiweka mezani. Kilitua kwa mlio.

Mtu wa kilimo, mzee mwenye miwani minene, alikisogelea. "Hii ni aina gani ya kabichi?"

"Si kabichi, Profesa. Ni uso."

"Uso wa nani?" akauliza mtu wa uinjinia.

Nikawaeleza juu ya vitanzi vitatu na cha nne, na jinsi nafasi inavyoongezeka kadiri unavyotoka katikati, na jinsi hewa inayolizunguka fundo ilivyo na umbo kama hilo. Walikuwa wananitazama kwa adabu. Ndipo mkuu wa kitivo, ambaye kwa mara ya kwanza katika historia yetu alikuwa macho, alikigeuza kitambaa kwa kalamu yake.

"Na hii alama ya kahawia ni sehemu ya nadharia?"

Nilifikiria kudanganya. Nilikuwa na neno la kitaalamu tayari mdomoni. Lakini nilichoka ghafla.

"Hapana, Profesa. Hapo ndipo mama yangu alipojaribu kuthibitisha kinyume."

Mkuu wa kitivo akasema, "Endelea." Nikawasimulia yote, pasi, stachi, sufuria, Biblia mbili, godoro. Sikuacha hata mabonde. Nilipofika pale Mama alipouliza kama wale watu walikuwa na pasi, mtu wa kilimo alivua miwani akafuta macho.

"Lakini lazima kuna namna," mtu wa uinjinia akasema, akisimama. "Ukibana kwanza pembe zote."

"Hakina pembe," nikamwambia.

"Basi ukingo. Ebu nishikie upande huo."

Mtu wa uhasibu akashika upande huo. Mtu wa uinjinia akabana huu. Katikati kukainuka. Mtu wa kilimo akaweka viganja katikati, na ukingo ukamponyoka mtu wa uhasibu ukampiga tai. "Shika vizuri!" "Nimeshika! Ni wewe unasukuma!" Mkuu wa kitivo aliwaambia waache utoto, halafu akasimama, akavua koti, akawaambia kwamba wanakosea na kwamba tatizo ni uzito. Mwenyekiti wangu alikaa amekunja mikono, akinitazama kwa juu ya vichwa vyao vilivyoinama, na naapa alikuwa anatabasamu. Walikaribia kukivunja. Katibu alipoingia kusema kwamba muda umekwisha na mwombaji mwingine anasubiri nje, aliwakuta watu wanne wenye vyeo wameegemea meza kwa nguvu zao zote, na mimi kando nikisema, "Polepole, tafadhali, polepole."

Nilipewa cheo. Mwenyekiti aliniambia mwenyewe, wiki chache baadaye, tukiwa tumekutana kwenye ngazi. "Umepita," alisema. "Kitambaa kimebaki kwa mkuu wa kitivo. Bado anajaribu."

Nilimpigia Mama simu mara moja.

"Sasa hicho cheo kinaitwaje?"

"Mhadhiri mwandamizi."

"Mwandamizi? Ya kuandamana?"

"Hapana, Mama. Maana yake ni mkubwa kidogo."

"Kwa sababu mimi sitaki uende kwa barabara na mawe. Umri wako umeenda." Kisha nikasikia sauti yake ikigeuka kutoka kwenye simu. "Baba! Amepandishwa! Hapana, hawataandamana!"

Mwezi uliofuata akaja chuoni kunitembelea, mara yake ya kwanza kuiona ofisi yangu. Alivaa gauni la kanisani na kofia, na alimsalimia kila tuliyempita, hata mtunza bustani, kwa jina la Bwana. Ofisini alikagua madirisha kwanza, akapitisha kidole juu ya kabati, akanionyesha kidole. Kisha akafungua mkoba wake akatoa kitu kilichokunjwa ndani ya karatasi ya kaki. Kilikuwa kitambaa cha kochi, cheupe, cha mviringo, chenye ua la waridi katikati. Alikitandaza juu ya kiti cha wageni. Kililala bapa kabisa. Hakuna wimbi hata moja.

"Hicho ndicho kitambaa," alisema. "Wageni wakija waone kwamba kwetu tunajua."

Nilimshukuru. Kwa kweli kilikuwa kizuri sana, na kipo mpaka leo. Wanafunzi wakija kulalamika kuhusu alama wanakikalia, na wale ninaowafundisha jiometri ya kawaida hunisikia nikikitumia kwa mfano.

Mama alikuwa amesogea ukutani, ambako nimebandika michoro yangu ya mafundo, mingine ya miaka mingi, mistari inayopita juu na chini ya mistari mingine mpaka jicho linachoka. Alisimama mbele ya mmoja mkubwa, ule ambao bado haujanikubalia. Akauinamia, akaufuata kwa kidole mpaka akapotea njia, akaanza tena, akapotea tena.

"Hii ulichora ukiwa na hasira?" aliniuliza.

"Hapana, Mama. Nilikuwa na furaha."

Alitikisa kichwa polepole, akatoa chupa ya chai kwenye mkoba, na kutafuta pa kuiweka pasipo na karatasi.